Sinema ya kutisha iliyomfanya landlady wangu wa Lodwar amtaje mumewe

Wakuu, ejok! Ndivyo tunavyosalimiana Turkana.

Hii si hekaya. Yalinipata mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

2012 nilipelekwa Lodwar kufundisha. Mimi ni wa Nyeri, sikuwa na mtu huko. Nikapanga chumba kwa Mama Akiru, mama wa Kiturkana mwenye mdomo mkali na roho safi. Akiona sijapika, anakuja na sahani ya samaki.

"Mwalimu, utakufa njaa na hiyo degree yako."

Mumewe alikuwa mvuvi. Boti ilipinduka ziwani upande wa Lowarengak, na mwili haukupatikana. Familia ikataka ibada ya kumuaga, mama akakataa kabisa. Ukimtaja tu yule mzee, anainuka anaondoka.

Sasa mimi ni mgonjwa wa sinema za psychological horror. Si zile za damu. Nazungumzia zile zinazokula akili polepole. Jumapili baada ya kanisa, jua likiwaka, nafunga pazia nawasha laptop.

Siku moja Mama Akiru akaniletea chai, akachungulia, akaketi.

Sinema yenyewe: mwanamke anaishi peke yake. Kila jioni anasikia mtu akikohoa chumba cha pili. Akienda, hakuna mtu. Basi, ni hivyo tu. Nilikuwa nimekumbatia mto, wakuu! Nikanyoosha mkono nizime.

"Wacha!" akasema. "Hii mama haogopi kikohozi. Angalia macho yake. Anaogopa kikiisha."

Nimetazama hizi movie miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo.

Jumapili iliyofuata akarudi. Sinema ile ile. Na iliyofuata tena.

Majirani wakaanza: mwalimu anamletea mjane mapepo. Maneno yakafika Kakuma kwa shemeji yake, Ekai, mwenye duka. Akafika Jumapili moja tukianza kutazama, amefura.

"Mwalimu, unafanyia mke ya ndugu yangu nini?"

Hapo ndipo nilipojua kuogopa ni nini. Jamaa ni mrefu kama mlango.

"Ekai, keti," Mama Akiru akamwambia. "Tazama kwanza, kelele utapiga baadaye."

Akaketi. Kikohozi cha kwanza kikasikika. Cha pili. Jamaa akavua kofia, akaishika magotini.

"Ndugu yangu alikuwa anakohoa hivyo," akasema. "Ile tumbako yake."

"Hapana," mama akajibu. "Kikohozi chake kilikuwa kibaya zaidi. Mbuzi walikuwa wanakimbia."

Wakacheka. Wakacheka mpaka kicheko kikawa kilio. Mimi nikatoka nje nikasimama juani, niwaachie chumba.

2013 ibada ilifanyika kwa Ekai, Kakuma. Nilikuwepo. Mama Akiru alisimama mbele ya watu, akalitaja jina la mumewe kwa sauti, akasimulia alivyokuwa mbishi, alivyopenda watoto, alivyoimba vibaya kanisani. Hakuondoka.

Nilichojifunza, wakuu: nilidhani tunatazama hizi sinema ili tuogope. Kumbe wengine hofu tayari wanayo nyumbani. Wanataka tu kumwona mwingine anayeishi nayo, wajue hawajarukwa na akili.

Wewe je, kuna sinema iliyokugusa mahali hukutarajia? Na nyinyi wa "hizo ni pepo," karibuni pia, lakini mje na adabu. Mama Akiru anasoma huu uzi kwa simu ya binti yake, na mdomo wake nishawaambia.