Tawi la Pembea

Nilipokuwa mtoto kule Likoni, mkwaju wa uwanjani kwetu ulikuwa na heshima kuliko baba yangu. Baba alikatwa kauli na mamake mara kumi kwa siku. Mkwaju haukukatwa hata kijiti bila ya kuombwa ruhusa. Msicheke sana, kisa chenyewe si cha kuchekesha. Ni kisa cha aibu, na aibu ni yangu.

Bibi yangu, mamake baba, aliukuta mti ule umesimama siku alipoletwa pale bibi arusi. Ulifunika paa letu na nusu ya vyumba vya wapangaji nyuma ya nyumba. Nasi twajua mvua ya masika hainong'oni. Hushuka siku baada ya siku, matawi makubwa yakanywa maji mpaka yakawa mazito kama ng'ombe, kisha upepo wa kusi ukaja kuyatikisa. Kwa hivyo kila mwaka, mwisho wa kaskazi, ardhi ingali kavu, bibi alimwita mkwezi wa minazi, Mzee Kombo, aje apunguze matawi mazito na kuondoa yaliyokauka. Masika yakishaanza hakukubali panga liguse mti. "Kidonda cha mvuani hakifungi," alisema, "huoza."

Lakini kabla ya panga kulikuwa na ruhusa. Bibi alisema mkwaju una mwenyewe, na hakuwa akijisema yeye, bali mzimu ukaao ndani yake. Jioni alichoma ubani, akanyunyiza marashi, akaweka yai bichi katika kisahani penye mizizi. Asubuhi yai likiwa zima, mwenyewe ameridhia, Mzee Kombo apande. Likiwa limevunjika, amekataa, na chuma kisiguse mti mpaka masika yapite. Miaka yote yai lilikutwa zima. Siku hizi najua kwa nini: usiku huo kuku walifungiwa, paka alifungiwa, na sisi watoto tulifungiwa. Bibi alimcha huyo mwenyewe, lakini hakuwa mjinga.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na pembea. Ami yangu alinifungia kamba ya katani kwenye tawi nene lililoelekea nyuma, kwa wapangaji. Pembea ile ilinipa ukubwa. Watoto wa mtaa mzima walinibembeleza niwape zamu, nami niliwapa nikitaka. Sikutazama juu. Kamba ilikuwa imelila gamba la tawi likaisha mzunguko mzima, kama alama ya bangili iliyobana, na kuanzia hapo kwenda mbele tawi lilikuwa halitoi jani.

Aliyetazama juu ni Mama Nduku. Alikuwa Mkamba, mumewe akibeba mizigo bandarini, na walikuwa wamepanga chumba cha mwisho. Jiko lake la makuti lilikuwa chini ya ncha ya lile tawi. Siku moja alitoka na mchi wa kinu, akaupiga mkwaju ubavuni, ndu! ndu!, kisha akarusha mchi juu ukaligonga tawi.

"Sikieni wenyewe," akasema. "Hapa chini mti iko sawa. Hapo juu inalia kama debe. Hii tawi imekufa, na mimi ndiyo itaniangukia."

Bibi alikuwa barazani akichambua mchele. "Mkwaju haugongwi kama mlango wa jirani, we mwanamke. Waamsha nini?"

"Naamsha watu, mama."

"Haya! Kaja juzi na lori, leo keshakuwa daktari wa miti!"

Wanawake wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mama Nduku naye akacheka kidogo, cheko la mgeni, akarudi jikoni kwake. Lakini bibi, ambaye ulimi wake ulikuwa mbele ya macho yake siku zote, alipobaki peke yake aliinua kichwa akalitazama lile tawi muda mrefu. Jioni akamtuma mtu kwa Mzee Kombo. "Mwambie aje kesho. Aanze na lile la pembea."

Nilisikia. Usiku huo sikulala kwa hasira.

Alfajiri bibi alifungua mlango akaenda kusali, nami nikatumwa kufagia uwanja kama kawaida. Kisahani kilikuwa pale, yai zima, jeupe. Nikachutama. Nikalibonyeza kwa kidole gumba. Halikutoa hata sauti. Nikajifuta kidole kwenye gamba la mti, nikaendelea kufagia.

Bibi alipokuja alikiinamia kile kisahani, yai limevunjika.

"Fatuma!"

"Abee, bibi."

"Nani kapita hapa?"

"Sikuona mtu, bibi."

"Hukuona, nawe ndiwe uliye na fagio?"

Nikaona macho yake yanageuka kunitazama vizuri. Ndipo nikasema: "Lakini jana si Mama Nduku aliugonga mti kwa mchi, bibi? Labda umekasirika."

Neno la mchi lilikuwa kweli, mtaa mzima ulishuhudia. Wallahi sijapata kusema uongo mkubwa kama ukweli ule.

Mzee Kombo alifika na kamba yake na panga, bibi akamwambia arudi, mwenyewe amekataa. Mama Nduku akatoka mbio, mikono ina unga, akamshika mzee mkono. "Baba, panda tu ukate. Kama ni laana, nitabeba mimi."

"Ushaibeba," bibi akamjibu.

Mzee Kombo akatazama tawi, akamtazama bibi, akaenda zake. Nami nikapanda pembea. Niliipembea juma zima, na raha yenyewe nakiri niliiona.

Masika yalianza kwa mvua ya siku tatu mfululizo. Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, tulisikia mlio kama nguo inayochanwa, kisha kishindo. Tawi lilikatikia palepale kwenye kamba, likalala juu ya jiko la makuti na Mama Nduku ndani yake. Walimtoa akiwa hai. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mara mbili. Mzee mmoja wa mtaani aliyejua kuunga mifupa alimfunga vijiti, mfupa ukaunga, lakini ukaunga upande.

Wanawake walikuja kumpa pole, na walipotoka nje walisema yao. "Aliambiwa." "Mti wamjua mbaya wake." Hakuna aliyesema kwamba yeye ndiye aliyeonya kabla ya wote. Bibi akamwita mumewe. "Sina ugomvi nawe, mwanangu. Lakini mwenyewe kashasema, nami nina watoto hapa. Tafuta kwengine."

Walihama mvua ikinyesha, godoro wamelivika nailoni. Mama Nduku alibeba sufuria kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa mlangoni. Neno moja tu langu lingewabakisha. Nikapima bakora ya bibi upande huu, na mwanamke na mkono wake upande ule, nikaona bakora ni nzito zaidi.

Bibi alikufa akiamini alilolifanya lilikuwa haki. Wanangu nikiwaambia habari za mizimu ya mkwaju husema ni ujinga wa kale. Mimi nawaambia ujinga ule ulituokoa miaka mingi: ulitufanya tuutazame mti kila mwaka, tuupunguze kabla ya mvua, tusiujeruhi ndani ya mvua. Aliyeharibu hakuwa mwenyewe, kama yuko. Ni mimi niliyemsemea.

Mkwaju bado upo, na uwanja sasa ni wangu. Fundi akija namwambia augonge kwanza, kila tawi, nami nasimama nasikiliza. Mwanangu alimwaga saruji mpaka shinani apate pa kuweka gari, nikamvunjisha yote, maana mizizi nayo hupumua. Wajukuu walitaka pembea, nikawachimbia nguzo mbili mbali na mti. Watu husema Bi Fatuma aupenda mti kuliko watu. Wacha waseme.

Nilimwona Mama Nduku mara moja tena. Mimi nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimekwenda Mikindani kwenye maziko. Njiani nikasimama kununua mchicha kwa mama mmoja mzee, na alipoufunga fungu nikaona anaushikilia kwa kiwiko, mkono haukunjuki. Nikamwamkia. Akanitazama sana.

"Wewe si mtoto wa Likoni? Wa kwa ule mti?"

"Ndimi, mama."

Akafurahi! Akamuulizia bibi, nikamwambia keshatangulia mbele ya haki. Akatikisa kichwa, akaniongeza fungu la pili bure. Kisha akaushika mkono wangu kwa ule mkono wake uliopinda.

"Mimi nilimkosea bibi yako," akasema. "Nilikuwa na mdomo mrefu, na mgeni hafai kuwa na mdomo. Niligonga kitu sikijui. Nilitaka siku moja nimuombe msamaha. Sasa nitamuomba nani? Wewe ndiyo umebaki."

Watu walikuwa wanapita, jua lawaka. Maneno yalikuwa hapa, kooni. Sikuwa na miaka tisa, na bibi na bakora yake walikuwa chini ya udongo. Hapakuwa na wa kunipiga.

"Yamepita, mama," nikamwambia. "Tumekusamehe."

Akanishukuru. Akashukuru kweli, macho yakamlengalenga machozi, nami nikachukua mchicha wangu nikaenda mazikoni.

La utotoni naweza kulitafutia udhuru, mtoto ni mtoto. Lakini yule mama alikufa, niliambiwa baadaye, akiwa amesamehewa na mimi. Hilo silitafutii udhuru, wala sina ninayeweza kumwomba anisamehe.