Gari Nililoendea Posa

Mwaka 2012 niliuza ngamia na mbuzi niliowakusanya kwa ajili ya mahari, nikanunua gari la kifahari lililochakaa kutoka kwa afisa aliyekuwa akihama Lodwar. Nilidhani mzee wa Kakuma, baba wa msichana niliyetaka kumwoa, akiliona, ataamini kwamba binti yake hatateseka kwangu.

Mzee alilizunguka taratibu, akapapasa viti vya ngozi.

“Zuri kweli. Na wanyama?”

“Niliwauza, baba, nikanunua hili.”

“Sasa hili, kijana, linakamuliwa wapi?”

Ndugu zake walicheka sana. Nami nikacheka, nikidhani ni utani tu, mpaka nilipomwona binti yake mlangoni, hacheki. Miaka mitatu alikuwa amewakataa wengine kwa ajili yangu.

“Ungeniuliza kwanza,” aliniambia. “Wajomba na baba zangu wadogo wote hupata mnyama. Gari watagawanaje?”

Mwaka uliofuata mtu mwingine alileta ngamia. Mzee akaniomba nimbebe bibi harusi, maana gari zuri kama langu halikuwepo Kakuma. Sikuweza kukataa. Alikaa nyuma, na tulipofika kanisani nilishuka nikamfungulia mlango.