Uji Mweusi wa Mama

Nimechoka, na sioni aibu kulisema. Tangu tumzike baba, mama hali. Nilimpikia omena, dagaa wa Muhuru Bay, nikamkaangia mayai, nikamsongea ugali wa wimbi. Anaonja, anasukuma sahani, anageukia ukuta. Daktari wa Rangwe alisema hana ugonjwa wowote tumboni, ila akiendelea hivyo hatutakuwa naye muda mrefu.

Dada yangu, anayetunza wazee Uingereza, akatuma chupa ya kitu cheusi, kizito kama grisi ya pikipiki. Alisema Waingereza hukipaka kidogo sana kwenye mkate, na kwamba hugawanya nyumba: huyu anakiramba, yule anakitukana. Mimi nilifungua tu kifuniko, nikakirudisha haraka. Mama alitia kijiko kizima kwenye uji wa mtama, akanywa wote. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Tukapumua kidogo. Kisha dada akanieleza kwa simu kwamba kinatokana na hamira inayobaki kwenye mapipa ya bia. Zamani wenye viwanda waliimwaga, mpaka mtu akagundua kuwa inalika. Moyo ulinishuka. Mama ni muumini wa kanisa letu la Jumamosi. Pombe hagusi, hata majani ya chai haonji. Nikimwambia, ataacha kula tena. Nisipomwambia, ninamlisha kwa mkono wangu kitu alichokikana alipobatizwa.

Nilizunguka na jambo hilo mchana kutwa, nikifua, nikikamua ng'ombe, sina hata nguvu za kuomba. Jioni nikamwambia.

Hakushtuka. Alisema alijua tangu kijiko cha kwanza. Baba alikuwa akirudi kutoka kwa wapika pombe ya busaa akinuka hivyo hivyo, shati na pumzi, na ni yeye aliyekuwa akimvua viatu. Kuhusu kanisa, atazungumza na Mungu mwenyewe. Hasira ikanipanda. Nikamuuliza anawezaje kuinywa harufu ile, wakati sisi watoto tukiisikia mlangoni tulikuwa tunakimbilia kwa jirani.



"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, kama anavyoniita kwa Kijaluo tangu nikiwa mdogo, "wewe ulimchukia. Mimi nilimpenda. Leta uji."

Nikaenda jikoni, nikaukoroga huku nimeziba pua kwa leso.