Viatu vya Bibi Harusi na Wingu la Baridi

Mwanangu, nikiikumbuka ngurario ya dada yangu, ile sherehe yetu ya mila kule Kangema, jasho bado hunitoka.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikichunguza mawimbi ya redio yanayotoka kwenye mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota na nyota, huko kwenye baridi kali kuliko barafu yoyote ya Mlima Kenya. Kila aina ya molekuli humo huwa na alama zake kadhaa katika mawimbi hayo. Nilikuwa nimepata alama ya molekuli ambayo hakuna aliyewahi kuiona angani. Alama moja tu, na alama moja huweza kufanana na ya molekuli nyingine. Kwa furaha nilimpigia simu baba, mzee wa kanisa huko Gatitu, naye akaamua kuwatangazia wageni siku ya ngurario. Nilitaka kumwambia angoje, nikaogopa.

Basi wasichana wakatolewa wamefunikwa leso, viatu tu vikionekana, ili bwana harusi amtambue wake. Akaviona viatu vyekundu alivyomnunulia dada, akamshika aliyevivaa bila kusita. Leso ilipofunuliwa, alikuwa binamu yetu. Walikuwa wamebadilishana viatu. Watu walicheka wakashika mbavu. Mimi niliwaza ile alama yangu moja.

Shangazi akanigeukia. "Wewe mbona hucheki? Huyu kijana ameangalia kitu moja tu, akamaliza."

Baba alikuwa ameshika maikrofoni. "Huyu msichana yangu amepata kitu huko kwa nyota, kitu hakuna mtu ameona."

Nikasimama. "Baba, ngoja. Sijaona zile alama zingine."

Baba akashusha maikrofoni, akasema, "Basi tule," akaketi. Hadi tunarudi nyumbani hakunisemesha.

Miezi ikapita, darubini ya redio ikaelekezwa tena kwenye wingu lile. Alama zingine hazikuwepo. Ile moja ilikuwa ya molekuli ya kawaida kabisa. Nikampigia baba, nikamweleza. Akauliza, "Kwa hivyo ilikuwa viatu ya cousin?"

Nilicheka huku nalia.

Mwanangu, watakaokuharakisha zaidi ni wale wanaokupenda. Wapende, lakini usitangaze jina la kitu kabla hujaona alama zote. Ukilazimika kusema "bado" mbele ya watu, sema, hata sauti ikitetemeka. Mungu akupe subira ya kutazama tena, na akupe mtu wa kukuuliza habari za viatu siku utakapokosea.