Moyo wa Luhende na Wembe wa Shemeji

Nyanzala amepasua mioyo mingi kuliko warembo wote wa Mpanda, na hakuna hata mmoja uliowahi kumlalamikia. Ni mwaka wa kumi na tisa huu anapika supu ya ng'ombe pembeni ya soko. Yeye na mumewe Luhende waliingia Katavi wakiswaga mifugo kutoka Usukumani. Mifugo ilipopungua, yeye akabaki na kisu na mdomo, na vyote viwili huvinoa kila asubuhi.

Miezi miwili iliyopita Luhende alianguka zizini, jasho linamtoka, kifua kinabana mpaka mkono wa kushoto. Akachomwa sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, kisha akapelekwa hospitali kubwa ya mbali. Huko wakampitishia mrija mkononi hadi kwenye moyo, wakamwekea kiwaya cha kuutanua mshipa ulioziba. Alirudi na vidonge vya aina mbili na onyo moja: mwaka mzima, asiruke hata siku moja.

Sasa Jumanne, saa nne asubuhi, Nyanzala akarudi nyumbani na ndoo ya nyama. Akamkuta Luhende kigodani, kifua wazi. Mbele yake alichuchumaa Nashon, mdogo wake Luhende, aliyekuja na pikipiki kutoka Mwese. Wembe mkononi. Chale tatu zilishachanjwa chini ya ziwa la kushoto, na damu ilikuwa imefika kwenye mkanda wa suruali.

"Nashon! Unafanya nini?"

"Shemeji, tulia. Kifua kimembana tangu alfajiri. Natoa damu mbaya, halafu nampaka dawa ya babu."

Nyanzala akamgeukia mumewe. "Tangu alfajiri? Baba Kabula, si uliniambia umelala vizuri?"

Luhende akatazama vidole vyake vya miguu, kana kwamba ndiyo kwanza anakutana navyo.

"Na vidonge?"

"Tangu juzi sijameza. Nikipiga mswaki fizi zinatoa damu. Nashon akasema vinanimaliza."

Hasira ikampanda Nyanzala. Akachomoa moyo wa ng'ombe ndooni, akaubwaga kwenye sinia.

"Njoo hapa, daktari wa Mwese. Mishipa ya kuulisha moyo iko wapi?"

"Ndani."

"Ndani kwa bibi yako! Iko huku nje, ona. Huu wa kushoto unagawanyika: mmoja unashuka mbele, mwingine unazunguka nyuma. Moyo umejaa damu tele, lakini chakula chake unapewa kwa nje. Kama mimi, sufuria limejaa supu na sijanywa hata chai! Kiwaya cha kaka yako kiko kwenye huu wa mbele. Bila vidonge damu inaganda palepale. Sasa nionyeshe wembe wako unafikaje huko!"

Nashon akauficha wembe nyuma ya mgongo.

"Na hizo chale zinakauka?"

Hazikukauka. Vidonge alivyomeza mwisho vilikuwa bado mwilini, na damu ilishuka taratibu, haina haraka wala nia ya kuacha.

Nyanzala akampigia simu Dafrosa, nesi wa kliniki ya moyo, akamweleza yote.

"Mama Kabula, ameze dozi ya leo tu, asirundike za nyuma. Bonyezeni hapo panapovuja. Mleteni sasa hivi, msikae hata dakika moja!"

"Pikipiki ina mafuta?" Nyanzala aliuliza.

"Yapo, shemeji."

"Lete funguo."

Luhende akameza vidonge, akajaribu kunung'unika kwamba mdogo wake katoka mbali. "Atarudi mbali hukohuko," mkewe akamjibu, "ila wewe kwanza."

Wakapakiana mishikaki. Aliyeendesha ni Nyanzala, kanga imefungwa kiunoni. Luhende katikati, na nyuma kabisa Nashon, mkono umezungushwa kifuani kwa kaka yake, akibana kwa leso chale alizozichanja mwenyewe.

"Bana, Nashon!"

"Nabana, shemeji."

"Si ulitaka itoke?"

Hospitalini wakamlaza Luhende, wakambandika nyaya kifuani. Daktari akaisoma karatasi ya mapigo, akasema mshipa umeanza kuziba tena lakini wamewahi. Gari la rufaa linaandaliwa. Nesi akaja kufunga kidonda, akamwambia Nashon anaweza kuachia.

Nashon hakuachia; akamtazama Nyanzala kwanza.

"Achia," Nyanzala akasema. "Halafu kaa hapo. Sijamaliza na wewe."