Ng'ombe wa Paskazia

Siku hizi mtoto anabonyeza simu, katuni inacheza muziki, naye anaona ni kitu cha kawaida tu. Haya. Lakini muulizeni Mashimba wa Mabatini, Mwanza, mwandika mabango, jasho lililomtoka mwaka ule baada ya uchaguzi wa vyama vingi, alipojitia kutengeneza video ya wimbo kwa michoro mitupu.

Raha ya miaka ile, acha kabisa! Mji ulikuwa umechangamka, kila mwenye kibanda anataka bango, televisheni ndiyo kwanza zinaingia majumbani. Rafiki yake Ngosha alifungua banda la video na kununua kamera ya kupigia harusi. Jumapili moja alionyesha mkanda wa katuni, Mashimba akautazama mpaka mwisho.

"Hata mimi naweza," akasema mwishowe. Ngosha akacheka mpaka akakaa chini.

Karatasi alizipata bure: picha za wagombea zilizobaki baada ya uchaguzi. Mbele mgombea anatabasamu, nyuma Mashimba anachora. Ngosha anabonyeza kamera, anaachia. Mashimba anachora tena, mguu umesogea kidogo, wanabonyeza. Miezi ikaenda hivyo, kazi za wateja zimelala na mkewe amenuna.

Wimbo ulikuwa wa Paskazia, binti wa kisiwani Nansio aliyeimba kwenye kumbi za Mwanza. Alimwachia Mashimba kaseti aichoree, akarudi kisiwani kulima. Sasa Paskazia, kama wengi wa kwao, r na l hupishana mdomoni, hasa moyo ukichemka. Kwenye kaseti alisikika hivi: "Mama, sijaona mahari, mama, natafuta mahari." Na Mashimba ni Msukuma, ukimtajia mahari, kichwani mwake wanaingia ng'ombe. Hakuuliza mtu. Akamchora mama amesimama mlangoni kwao, na kwa kuwa hakuwahi kumwona, akampa sura ya Paskazia mwenyewe. Kisha akaleta ng'ombe, kundi zima, wanashuka kwenye mawe wakimjia.

Siku ya kuonyesha, Paskazia akaja na meli ya mchana. Banda likajaa. Mashimba akakaa naye benchi la mbele, maana alishamwapia Mungu kwamba binti akiikataa kazi hii, hatachora tena chochote zaidi ya mabango ya bucha.

Picha ikatokea. Jamani, wale ng'ombe walirukaruka kama waliokanyaga siafu, lakini walitembea! Watu wakapiga miluzi.

Paskazia akamgeukia. "Kaka Mashimba, hawa ng'ombe ni wa nini?"

"Si mahari hiyo, dada? Wimbo wako."

"Wimbo wangu ni wa mahari! Mahari! Pa kukaa! Mama alikufa nikiwa mdogo, nikazungushwa kwa ndugu, leo hapa kesho kule, sikuwa na mahari!"

Ngosha, aliyekuwa kwenye deki, akaangua kicheko, na banda zima likamfuata. Mashimba akatamani ardhi immeze. Kazi yote ile, kwa herufi moja, mahali na mahari! Lakini zaidi ya aibu alimwonea uchungu yule binti, maana aliona ameugeuza msiba wake kichekesho.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nitachana zote, nianze upya."

Paskazia alikuwa amekaza macho kwenye kioo, pale ng'ombe wa kwanza alipofika mlangoni na yule mama mwenye sura yake akamshika pembe. Machozi yakamtoka Paskazia. Vicheko vikakatika kimoja kimoja.

"Usichane," akasema. "Mama yangu alichukuliwa bure. Hawakupeleka kwao hata mbuzi. Alipokufa, upande wa baba wakasema mimi si wao, kwa sababu hawakutoa kitu. Upande wa mama nao wakasema nimfuate baba. Ndiyo maana nikakosa mahari."

Safari hii Mashimba hakujua binti amesema neno lipi kati ya yale mawili, wala hakuuliza.

Paskazia akajifuta uso kwa kanga, akageuka nyuma. "Kaka Ngosha," akaita, "hebu rudisha mkanda. Nataka niwaone tena wakifika kwa mama."