Povu kwenye nepi safi

Jamani, leo kliniki nimeaibika!

Mwanangu ana vipele, makalio mekundu, anakaribia kuchubuka. Na mkosaji nilishampata: mama mkwe.

Huku Lushoto ukungu ukishuka nepi za kitambaa hazikauki, kwa hiyo yeye huzianika jikoni, juu ya moto wa kuni. Nikasema ni moshi wake huo. Wiki nzima nimemkataza asiziguse. Nepi za mjukuu wake!

Leo nikamshtaki kwa nesi, mama mkwe mwenyewe amekaa hapo hapo kampakata mtoto.

Nesi hakubishana. Akachukua nepi safi kwenye mkoba wangu, akaitumbukiza kwenye beseni la maji, akaikamua.

Povu!

Povu jeupe, kwenye nepi ninayoiita safi!

"Nani anafua?"

"Mimi."

"Unasuuza mara ngapi?"

Mara moja, jamani. Nikajitetea: mimi mtu wa Tanga mjini, maji ya huku ni baridi, yanang'ata vidole!

"Basi sabuni ndiyo inamchoma mtoto. Suuza mpaka povu liishe. Na ukimvua, mwache wazi kidogo ngozi ikauke."

Nikasubiri mama mkwe aniseme. Njia nzima yeye anambembeleza mjukuu wake tu.

Tumefika nyumbani, kabandika sufuria kubwa motoni.

"Mwanangu, maji ya kusuuzia hayo, nayatia uvuguvugu. Kumbe mikono inakuuma, mbona hukuniambia?"

Nimejifungia chumbani. Nyie mliowahi kumwomba mama mkwe msamaha, mlianzaje?